Mjamzito kazini Uingereza: malipo ya uzazi ya mwajiri na posho ya uzazi ya serikali

Mwanamke aliyefanya kazi Kenya au Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza hufika na hesabu moja nyepesi kichwani. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo akipata ujauzito huku anafanya kazi Leeds au Reading, swali lake la kwanza ni kama mwajiri atamlipa mshahara wake, na jibu analopewa na wenzake kazini mara nyingi ni la haraka, na nusu yake si sahihi. Uingereza likizo yenyewe ni ndefu zaidi, inafika wiki 52, lakini malipo yake yanakoma kwenye wiki ya 39, kwa walio wengi ni membamba kuliko mshahara, na hutoka katika mmoja wa mifuko miwili ambayo masharti yake hayafanani.

Mfuko wa kwanza ni malipo ya uzazi yanayopitia kwa mwajiri, ambayo kwenye karatasi zote huandikwa SMP. Wa pili ni posho ya uzazi inayolipwa na serikali moja kwa moja, ambayo utaiona imeandikwa Maternity Allowance. Nimekaa na dada wengi wa kwetu, wauguzi, wahudumu wa nyumba za wazee, wanafunzi wanaosafisha ofisi alfajiri, tukihesabu wiki kwenye kalenda, na nimeona kwamba wengi hudhani mwanamke hujichagulia mfuko siku anapoomba. Siku hiyo hachagui. Sheria huupima mfuko wa mwajiri kwanza, na anayestahili huo haruhusiwi kuigusa posho ya serikali hata kama posho ingemlipa zaidi. Uchaguzi wa kweli upo, lakini upo mapema, miezi kadhaa kabla ya kujifungua, katika saa anazokubali kufanya kazi na mahali anapozifanya. Ndiyo sababu ulinganisho huu unaanza na tarehe, na fedha zinafuata.

Wiki ya kipimo

Tumchukue dada mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye mkunga alimwambia angejifungua Jumatano tarehe 10 Septemba 2025. Kisheria wiki ya kujifungua huanza Jumapili, hivyo wiki yake ilianza tarehe 7. Ukirudi nyuma wiki 15 kutoka hapo unafika kwenye wiki ya Jumapili tarehe 25 hadi Jumamosi tarehe 31 Mei. Hiyo ndiyo wiki inayoamua karibu kila kitu upande wa mwajiri, nami nitaiita wiki ya kipimo. Ili alipwe SMP, mama lazima awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo huyo kwa wiki 26 mfululizo hadi kuingia katika wiki ya kipimo. Kwa tarehe za dada huyu, aliyeanza kazi Jumapili ya tarehe 1 Desemba 2024 alikuwa salama, na aliyeanza baada ya Krismasi alikuwa amechelewa. Kwa maneno mengine, inambidi mwanamke awe tayari ameshaajiriwa na mwajiri huyo mimba inapoingia, jambo ambalo aliyehama kazi akiwa na ujauzito wa wiki tano hana namna ya kulirekebisha.

Sharti la pili ni kipato. Wastani wake kwa wiki, kabla ya makato, lazima ufike pauni 125. Viwango vyote ninavyovitaja hapa ni vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, na huongezwa karibu kila Aprili. Wastani huo hautokani na mwaka mzima. Unatokana na wiki nane hivi zinazoishia kwenye siku ya mshahara ya mwisho kabla wiki ya kipimo haijakwisha. Anayelipwa mwisho wa mwezi, kwa tarehe tulizozitaja, hupimwa kwa hati mbili tu za mshahara, ya Aprili na ya Mei: zinajumlishwa, jumla inazidishwa kwa 6, kisha inagawanywa kwa 52. Saa za ziada zilizolipwa katika miezi hiyo miwili zinaingia kwenye hesabu, malipo ya likizo yanaingia, na bonasi pia inaingia. Kinachoumiza ni kwamba ugonjwa nao unaingia. Malipo ya kisheria ya ugonjwa ni pauni 118.75 kwa wiki, yaani chini ya ile 125, na kwa hiyo mama aliyelazwa kitandani na kichefuchefu kikali wiki zote nane, huku mwajiri wake akimlipa kiwango hicho cha chini peke yake, anaweza kuikosa SMP ingawa amemtumikia mwajiri huyo kwa miaka mitatu. Mwenye siku za likizo ambazo hajazitumia ana sababu nzuri ya kuomba azichukue katika wiki hizo badala ya kukaa kwenye malipo ya ugonjwa, kwa sababu likizo hulipwa mshahara wake wa kawaida.

Posho ya serikali inapima kwa jicho pana zaidi. Inatazama wiki 66 kabla ya wiki ya kujifungua, ambazo kwa dada yetu zilianza tarehe 2 Juni 2024 na kuishia tarehe 6 Septemba 2025. Ndani ya kipindi hicho inataka wiki 26 ambazo mama alikuwa kazini, na si lazima ziwe za mfululizo wala za mwajiri mmoja. Tena inataka wiki 13 ambazo alipata angalau pauni 30 kwa kila wiki. Hizo 13 zinachukuliwa zile ambazo kipato chake kilikuwa kikubwa kuliko zote, na aliyekuwa na kazi zaidi ya moja anajumlishiwa kipato cha kazi zote. Kwa hiyo aliyebadilisha mwajiri mara tatu, aliyefukuzwa kazi mwezi wa nne wa ujauzito, aliyekuwa akipigiwa simu na wakala wiki hii na kusahauliwa wiki ijayo, wote mlango huu umeachwa wazi kwao.

Wanaofanya kazi kupitia wakala nawaomba wasikate tamaa mapema na mfuko wa kwanza. Kwa SMP, mfanyakazi wa wakala anahesabiwa kama mwajiriwa ikiwa mshahara wake unakatwa bima ya taifa (National Insurance) kama wa mwajiriwa mwingine yeyote. Anaweza kukosa haki ya likizo yenyewe ya wiki 52, ambayo ni ya waajiriwa kamili, na bado akastahili malipo. Ni haki mbili tofauti, na nimesikia zikichanganywa hata na watu wanaoandaa mishahara.

Fedha zenyewe

SMP hulipa asilimia 90 ya wastani wa kipato kwa wiki sita za mwanzo, bila kikomo cha juu, kisha wiki 33 kwa pauni 187.18 kwa wiki au asilimia 90 ya wastani, kile kilicho kidogo. Posho ya serikali kwa mwajiriwa hulipa wiki zote 39 kwa pauni 187.18 au asilimia 90 ya wastani, kile kilicho kidogo. Ukiziweka ubavu kwa ubavu utaona kwamba tofauti yote iko katika zile wiki sita.

Mhudumu wa nyumba ya wazee ambaye wastani wake ni pauni 480 kwa wiki atapata kwa SMP pauni 432 kila wiki kwa wiki sita, halafu 187.18 kwa wiki 33, jumla pauni 8,768.94. Huyo huyo akiangukia kwenye posho atapata pauni 7,300.02. Amepungukiwa na pauni 1,468.92, fedha ambazo katika miji mingi ni zaidi ya kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Lakini ukishuka chini, pengo linajifunga. Mwanamke mwenye kazi moja ambaye wastani wake hauzidi pauni 207 hivi kwa wiki hatofautishi mifuko hii kwa kiasi, kwa sababu asilimia 90 ya kipato chake iko chini ya 187.18 na mifuko yote miwili itamlipa asilimia hiyo hiyo kwa wiki zote 39. Anayelala akiwaza kwamba amekosa SMP, naye anapata pauni 150 kwa wiki, hajapoteza hata senti moja ikiwa atatimiza masharti ya posho.

Turudi kwa yule dada mwanafunzi, kwa sababu kisa chake ndicho kilichonifanya niandike. Viza ya masomo ilimruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, naye alizigawa sawa: saa 10 akisafisha ofisi, saa 10 kwenye nyumba ya wazee, kote kwa kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa. Alikuja jikoni kwangu na bahasha mbili, akazitandaza hati za mshahara mezani kati ya chupa ya chai na sahani ya mandazi, na kila tulipopiga hesabu ya wiki, kote ilitoka namba ile ile, 122.10. Pauni mbili na senti tisini chini ya mstari wa 125, kazi zote mbili.

"Dada, kote wameniambia sistahili," alisema. "Basi nikijifungua nirudi baada ya wiki mbili?"

Wiki mbili ndizo anazokatazwa kabisa kufanya kazi baada ya kujifungua, na yeye alikuwa ameshazipanga kama likizo yake yote. Hakuna aliyemwambia kwamba posho ya serikali inajumlisha kazi zote. 122.10 mara mbili ni pauni 244.20 kwa wiki. Asilimia 90 yake ni 219.78, ambayo inazidi 187.18, kwa hiyo alistahili posho kamili, pauni 7,300.02 kwa wiki 39.

Aliponielewa aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: kama ningeongeza saa moja tu kwenye kazi moja, si ningepata SMP? Angepata. Tuseme angehamisha saa moja kutoka kwenye usafi kwenda kwenye nyumba ya wazee, ziwe 9 na 11. Kwa saa 11 wastani wake pale ungekuwa pauni 134.31, juu ya mstari, na mwajiri huyo angelazimika kumlipa SMP ya asilimia 90 ya kipato cha kazi hiyo moja, yaani pauni 120.88 kwa wiki. Kwa wiki 39 ni pauni 4,714.32. Na kwa kuwa sasa anastahili SMP kutoka kwa mwajiri mmoja, posho ya serikali ingefungwa kabisa. Saa moja aliyodhani ni ya faida ingemgharimu pauni 2,585.70.

Kama saa zote 20 zingekuwa kwa mwajiri mmoja, SMP ingekuwa pauni 7,495.62, yaani zaidi ya posho kwa pauni 195.60 tu. Na kama angekuwa na kazi mbili ambazo kila moja inapita 125, angelipwa SMP na waajiri wote wawili, kila mmoja kwa hesabu yake, na hapo ndipo kazi mbili zinaposhinda kila mpango mwingine, kwa sababu kile kiwango cha 187.18 kinahesabiwa kwa kila mwajiri peke yake. Kwa hiyo mwenye kazi mbili ana mahali pazuri pawili, kote chini ya mstari au kote juu yake, na mahali pabaya pamoja tu, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kuzipanga saa zako kwa kujua haya, kabla ya zile wiki nane kuanza, hakuvunji sheria yoyote.

Waliojiajiri

Hawa SMP haiwahusu kwa kazi yao ya kujiajiri, na posho yao ina mtego mmoja mdogo ambao dawa yake ni rahisi. Posho ya aliyejiajiri huanzia pauni 27 kwa wiki na kufika 187.18, kutegemea michango yake ya bima ya taifa ya daraja la pili (Class 2), ile ya waliojiajiri. Ili apate kiwango cha juu, michango hiyo iwe imelipwa kwa angalau wiki 13 kati ya zile 66. Mchango wa wiki ni pauni 3.50, hivyo wiki 13 ni pauni 45.50. Anayesuka nywele, anayepika vyakula vya sherehe au kuendesha teksi, na ambaye faida yake ni ndogo kiasi kwamba hajawahi kulipa mchango huo, anaweza kuulipa mapema kwa mamlaka ya kodi, HMRC, na kuitoa posho yake kutoka 27 hadi 187.18 kila wiki. Sijui matumizi mengine ya pauni 45.50 yanayomfaa mjamzito kuliko hayo. Lakini wenye viza ya masomo wasiifuate njia hii, kwa maana viza hiyo inakataza kujiajiri. Ni ya wale ambao hadhi yao ya ukaazi inawaruhusu, wakiwemo wengi walioingia kama wenza wa wenye viza za kazi.

Hofu ya viza

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanawake wetu wanapopoteza fedha nyingi kuliko kwenye hesabu yoyote. Kwenye viza ya kazi ya afya na uhudumu, kwenye viza ya kazi ya ujuzi na kwenye viza ya masomo kuna maneno yanayomkataza mwenye viza kutumia fedha za umma. Mama akiona neno serikali kwenye fomu ya posho ya uzazi, anaifunga. Anaogopa kwamba akiijaza, mwakani maombi ya kuongeza viza yatakataliwa, na kwamba mume na mtoto wataangamia naye.

SMP na posho ya uzazi haziko kwenye orodha ya fedha za umma. Zinatokana na kazi na mfumo wa bima ya taifa, na mwenye viza yenye katazo hilo anaruhusiwa kuzipokea kwa ukamilifu wake. Zilizokatazwa ni nyingine: ruzuku ya watoto (Child Benefit) ambayo kwa kawaida hulipwa kila wiki nne, msaada wa kipato unaoitwa Universal Credit, msaada wa kodi ya nyumba, na ile ruzuku ya pauni 500 ya mtoto wa kwanza. Hizo nne ziache, hata shoga yako akikwambia alizipata. Huenda yeye ana ukaazi wa kudumu. Hizi mbili zichukue bila woga.

Vivyo hivyo kuhusu mdhamini. Mwajiri anayedhamini viza kwa kawaida hutakiwa kuacha kumdhamini mfanyakazi aliyekaa zaidi ya wiki nne bila mshahara ndani ya mwaka, lakini likizo ya kisheria ya uzazi imetolewa kwenye kanuni hiyo waziwazi. Kushuka kwa mshahara kwa sababu ya uzazi hakuivunji viza. Meneja anayemwambia mhudumu arudi kazini baada ya mwezi ili kulinda karatasi zake anamwambia jambo ambalo haliko kwenye kanuni. Wala mwajiri hana sababu kubwa ya kifedha ya kukwepa: hurudishiwa na serikali asilimia 92 ya SMP anayolipa, na mwajiri mdogo hurudishiwa asilimia 108.5.

Wauguzi wa NHS

Muuguzi aliyeajiriwa na NHS, huduma ya afya ya umma, ana tabaka la tatu juu ya haya mawili. Akiwa na miezi 12 ya utumishi mfululizo anapofikia wiki ya 11 kabla ya wiki ya kujifungua, na akiahidi kurudi kazini kwa angalau miezi mitatu, analipwa mshahara kamili kwa wiki 8, nusu mshahara pamoja na SMP au posho kwa wiki 18, kisha SMP au posho peke yake kwa wiki 13. Kwa mshahara wa pauni 600 kwa wiki, jumla inafika pauni 16,002.58, wakati SMP tupu ingempa 9,416.94. Asiporudi, atadaiwa kile kilichozidi malipo ya kisheria. SMP yenyewe hairudishwi kamwe, arudi asirudi.

Jambo ambalo wauguzi waliotoka kwetu wanapaswa kulijua ni kuhama hospitali. Utumishi wa NHS unaunganishwa kutoka taasisi moja hadi nyingine, hivyo aliyehama Birmingham kwenda Bristol hapotezi mshahara kamili wala nusu mshahara wa NHS. Lakini SMP inataka mwajiri yule yule, na kisheria kila taasisi ni mwajiri wake. Aliyehama mwanzoni mwa ujauzito atakosa SMP na itambidi aombe posho ya serikali mwenyewe, na asipoiomba atakatwa pesa zile zile kana kwamba ameipokea. Kama uhamisho unaweza kusubiri, usubiri hadi wiki ya kipimo ipite.

Tofauti nyingine zenye uzito

SMP inakatwa kodi na bima ya taifa kama mshahara. Posho haikatwi kodi. Kwa wenye ukaazi wa kudumu wanaopokea Universal Credit mizani inageuka upande wa pili: SMP huhesabiwa kama mshahara, hivyo msaada hupungua kwa senti 55 kwa kila pauni, na kwa baadhi ya familia sehemu ya mwanzo haiguswi kabisa, lakini posho inaondolewa pauni kwa pauni. Familia kama hiyo haitakiwi kuishangilia posho kabla ya kupiga hesabu yote.

Anayeacha kazi au kupunguzwa baada ya wiki ya kipimo kuanza haipotezi SMP, kwa kuwa haki imeshakaa mahali pake. Mifuko yote miwili inamruhusu mama kurudi kazini siku 10 katika kipindi cha malipo bila kupoteza kitu, na yote inaweza kuanza wiki 11 kabla ya wiki ya kujifungua, ingawa anayeumwa kwa sababu ya ujauzito ndani ya wiki nne za mwisho huanzishiwa SMP hapo hapo, atake asitake. Mtoto akizaliwa hai kabla ya wakati, hata mapema kiasi gani, malipo ni kamili. Akizaliwa bila uhai baada ya wiki 24 za ujauzito, malipo ni kamili vilevile, na mama huyo asikubali kuambiwa vingine katika siku zake nzito kuliko zote.

Wengi hutamani kwenda kulelewa na mama zao Mombasa au Moshi. SMP inaweza kuendelea kulipwa ukiwa nje ya Uingereza. Posho ina masharti yake kwa anayetoka nje, na lazima uiarifu ofisi inayokulipa kabla hujapanda ndege. Anayeelekea kwenye ukaazi wa kudumu azihesabu pia siku zake, zisizidi 180 nje ya nchi ndani ya miezi 12 yoyote.

Karatasi

Mkunga au daktari hutoa cheti kinachoitwa MATB1 kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito. Ni karatasi moja, na ndiyo ufunguo wa milango yote miwili, hivyo piga nakala kabla ya kuikabidhi kwa yeyote. Mwenye haki ya likizo anamweleza mwajiri kabla wiki ya kipimo haijaisha kwamba ni mjamzito, lini anatarajia kujifungua na lini anataka kuanza likizo. Malipo huombwa siku 28 kabla. Mwajiri anayeona hustahili SMP analazimika kukupa fomu SMP1 yenye sababu, ndani ya siku saba tangu aamue. Usiridhike na jibu la mdomo au ujumbe wa simu, kwa sababu ofisi ya posho itaidai fomu hiyo. Kama unaamini amekosea, HMRC wana kitengo cha migogoro ya malipo haya, na uamuzi wao unamfunga mwajiri.

Posho huombwa kwa fomu MA1, kuanzia wiki ya 26 ya ujauzito. Hati za mshahara zinazoambatana nayo zichague wewe mwenyewe, wiki 13 ulizopata fedha nyingi zaidi, wala usitume tu zilizo juu kabatini. Ukichelewa, hulipwa nyuma kwa miezi mitatu tu.

Kwa dada yetu, mwajiri mmoja alitoa SMP1 siku ya pili, na mwingine alimzungusha karibu mwezi mzima. Hatukumsubiri. Tulituma MA1 na kile kilichokuwapo, cheti cha mkunga, SMP1 moja na hati za mshahara kutoka kazi zote mbili, tukaandika kwamba fomu ya pili ingefuata, naye akaenda posta mwenyewe, kwa miguu, akiwa na wiki 29.